Kaburi la Ishirini na Nne

Ninyi mliobaki na funguo za ofisi yetu ya makaburi mmeniomba niwaandikie niliyoyaona kwa miaka thelathini na minane. Vyeo sitavitaja, maana nilipewa viwili tu, na cha pili kilinikuta nimeshachoka. Mshahara nao tuuache ulale. Nitawaandikia habari za kitabu, za kamba, na za kosa moja nililolifanya kwa mwandiko mzuri sana.

Siku ya kwanza nilikuja na shati jeupe na viatu vya kuazima. Nilidhani karani wa makaburi hukaa mezani. Papa Bosenge, mkuu wa makaburi wakati ule na mwalimu wangu wa kazi, alinitazama miguu kwanza, kisha uso.

"Hii viatu ni ya nani?" akaniuliza.

Nikasema ni vya kaka yangu.

"Bon. Kaka yako atalia leo."

Akanitoa nje. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na kufika saa sita nilikuwa nimezunguka safu zote, za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Waislamu na za askari. Kaka yangu alilia kweli.

Siku hiyo ndipo nilipoiona kamba. Zamani kila kaburi lilikuwa na kibao cha chuma chenye namba, lakini vibao vile vilikuwa vimeondoka kimoja kimoja kwenda mjini kuwa vifuniko vya sufuria. Ukila mboga ya pondu katika mji huu, huwezi kujua imepikwa chini ya namba ya nani. Basi Papa Bosenge alikuwa na kamba ndefu ya katani yenye mafundo, fundo moja kila baada ya hatua mbili. Aliifunga kwenye jiwe la pembeni mwa safu, akaivuta, na kila fundo lilikuwa kaburi moja. Fundo la tisa, kaburi la tisa. Nilimwambia kwamba mimi naweza kuhesabu kwa macho. Alicheka mpaka akakohoa.

"Macho inadanganya. Majani inaota, mawe inatembea, batu banapanda mihogo," akasema. "Kamba haipande kitu."

Alinipa na neno la pili, ambalo ninawaachia ninyi: kitabu cha zamani hakitupwi. Hata panya wakikila, weka kile ambacho panya hawakukipenda. Wakati ule niliona ni maneno ya mzee asiyependa kufagia kabati.

Mwaka wangu wa pili paa lilivuja, na kitabu cha makaburi ya askari kikalowa. Papa Bosenge, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, alinipa kazi ya kukinakili upya. Mimi nimesoma kwa Mabruda, na mwandiko wangu ulisifiwa tangu darasa la tatu. Nilikaa majuma matatu nikiandika kwa kalamu mpya, mistari imenyooka, herufi kubwa zimepambwa. Mkubwa mmoja alipita, akafungua kurasa mbili, akasema katika ofisi zote za mji hajaona kitabu safi namna ile. Nilijiona nimefika. Kosa lilikuwa ndani ya kitabu kile kile, lakini mimi mwenyewe sikuliona kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo na ninyi subirini kidogo.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Nimeamua ugomvi wa wajane wawili, kila mmoja akitaka kuzikwa mkono wa kuume wa mume, nikawapa kuume na kushoto na kuwaambia wakapige kura mbinguni. Nimemkatalia mtu aliyekuja kuomba cheti cha kufa cha shemeji yake huku shemeji mwenyewe anamsubiri nje juu ya baiskeli. Nimemzika Papa Bosenge, na kaburi lake nililipima mwenyewe kwa kamba yake. Niliona uchungu siku ile kuliko siku niliyomzika baba yangu, na sioni haya kusema.

Miongoni mwa watu wa miaka hiyo alikuwamo Mama Agata, mwanamke wa komini ya Tshopo ambaye kwao ni Yahuma. Alikuja kutafuta kaburi la babu yake, Koplo Ferdinand, aliyekufa akiwa askari wakati wa Wabelgiji. Nilifungua kitabu changu kizuri. Koplo Ferdinand, safu ya ukuta, namba ishirini na nne. Nikavuta kamba, nikafika fundo la ishirini na nne, nikamwonyesha mawe ya mto yaliyozunguka kaburi katikati ya majani. Alipiga magoti palepale. Tangu hapo, kila mwezi wa kumi na moja, siku ya kuwaombea marehemu, alikuja na watoto wake, na jembe, na ndoo, na nyimbo. Walijenga saruji kufuata yale mawe. Walisimamisha msalaba wakaupaka rangi ya buluu. Katika safu nzima ya ukuta, ambayo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuja kuiuliza, kaburi lile peke yake ndilo lililong'aa.

Sasa nifike mwaka wangu wa mwisho. Asubuhi moja aliingia ofisini bibi mfupi mwenye mtandio mweupe, fimbo mkononi, akaketi bila kukaribishwa. Alikuwa Mama Zaituni, wa ukoo wa Waislamu wa zamani wa mji huu, wale ambao mababu zao walikuja na biashara kabla ya mzungu kufika.

"Papa Lotika," akasema, "batu bote benye banakufaka mu hii mji, banapitaka kwako?"

"Bengi, Mama."

"Alors, angalia kama baba yangu alipita."

Akanieleza. Baba yake, Ramazani Sefu, alichukuliwa askari, akaenda vita vya Abisinia wakati yeye Zaituni yuko tumboni. Vita vilipokwisha, wenzake wa mtaa mmoja walirudi, wakasema walimwacha njiani na angekuja na meli ya nyuma. Hakuonekana. Miezi ikawa miaka, na mdogo wake Ramazani akakata shauri mbele ya ukoo: ndugu yake ametoroka jeshi, amepata mwanamke kulekule. Mama yake Zaituni aliishi na neno hilo mpaka akafa nalo.

Na ukoo ule una desturi. Kila mwaka, siku chache kabla ya mfungo, wanakusanyika kwa kisomo. Kurani inasomwa, kisha mkubwa wa ukoo anafungua karatasi na kusoma majina ya marehemu wao, moja moja, na wote wanaitikia amin. Jina la Ramazani halikuwahi kusomwa. Yule mdogo wake alipokufa, karatasi ilikwenda kwa mwanawe, Papa Sefu, pamoja na ukaidi wake.

"Sefu anasema hatuombee mutoro," Mama Zaituni akaniambia. "Anasema tena, kama iko muzima kule, tutamuua na dua. Miye niko na miaka makumi nane na kitu, Papa. Nikikufa na jina ya baba haiko mu ile karatasi, haitaingia tena. Nani ataibeba?"

Katika kazi yetu ombi la namna hii ni gumu kwa sababu kina Ramazani ni wengi, na kitabu chetu kina jina na namba tu. Nilikuwa na Ramazani Sefu wanne katika sehemu ya askari. Nikamwambia tuanze jeshini, maana jeshi huandika mtu akiwa hai kabla sisi hatujamwandika mfu. Tukaenda kambi ya Kapalata juu ya toleka mbili, baiskeli za kubeba abiria, na njia nzima nilimsikia nyuma yangu akimfundisha mwenye baiskeli jinsi ya kukata kona.

Kabati la kadi za zamani lilikuwa chini ya Ajida Furaha, mwanamke wa jeshi kutoka Maniema, mpole wa sauti na mkali wa macho. Kadi alizipanga katika makopo ya biskuti, kwa namba za askari, na akikupa moja lazima uishike kwa vidole viwili. Akamuuliza Mama Zaituni kama baba yake alikuwa na alama mwilini.

"Mama alinisemeaka sikio ya kushoto haikukuwa na ncha. Tumbili ya jirani ilimuluma akiwa mutoto."

Ajida alipekua kopo la kwanza, akapekua la pili. Mimi nilikuwa nimeanza kuhesabu mbao za dari alipovuta kadi moja na kuisoma kwa Kifaransa, kisha akatutafsiria polepole. Ramazani Sefu. Ncha ya sikio la kushoto haipo. Mke, Mwajuma, jina la mama yake Zaituni. Alirudi kutoka vitani na meli ya nyuma, mgonjwa wa homa, akateremshwa hapahapa mjini. Alikufa katika hospitali ya kambi. Habari ilipelekwa nyumbani kwa mkewe, ikarudishwa: nyumba imefungwa, mke amekwenda kwa wazazi wake kujifungua. Amezikwa makaburi ya mji, safu ya ukuta, namba ishirini na nne.

Mama Zaituni alisogea karibu na kadi. Kisha akauliza, "Kutoroka haiko?"

"Haiko, Mama. Hata mara moja."

"Alirudi," akasema. "Baba alirudi. Ni miye nilikuwa nazaliwa, ndiyo hakukuta mutu."

Akacheka huku machozi yanamwagika, na Ajida Furaha, ambaye nadhani hakufundishwa jambo hilo jeshini, akamkumbatia na kadi mkononi.

Ninyi mnaonisoma kwa makini mmeshashtuka. Mimi nilishtuka niliporudi ofisini. Ishirini na nne, katika kitabu changu, ni Koplo Ferdinand. Ramazani Sefu nilikuwa naye namba ishirini na tatu. Nikamwambia Mama Zaituni kwa kiburi cha mwenye mwandiko kwamba jeshi limekosea namba moja, jambo dogo.

"Si kadogo," akajibu. "Nikimupelekea Sefu karatasi mbili zenye hazipatane, atasema tumezipika. Unamujua Sefu?"

Sikumjua, lakini nilianza kumwogopa. Nikampigia simu Ajida Furaha, nikamweleza kwa upole kosa la jeshi lake.

"Papa," akanijibu, "jeshi inaweza kupoteza mutu akiwa muzima. Akisha kufa, tunamuhesabu bien."

Kesho yake nilichukua kamba nikaenda peke yangu kwenye safu ya ukuta. Safari hii nilifyeka kwanza, jambo ambalo katika miaka yote sikulifanya, kwa sababu nilihesabu mafundo tu na kuruka moja kwa moja hadi kwa Koplo. Kila fundo lilikuwa na mawe yake ya mto. Kumi na tano, mawe. Kumi na sita, mawe. Kumi na saba, hakuna jiwe hata moja, udongo mtupu. Kumi na nane, mawe tena. Nilisimama pale na panga mkononi. Kisha nikarudi ofisini, nikachimba chini kabisa ya kabati, nikatoa kitabu cha zamani, kile kilicholowa, ambacho Papa Bosenge alikifunga nailoni na kunikataza kukitupa. Safu ya ukuta, mstari wa kumi na saba. Hapakuwa na jina. Yule karani wa kale alikuwa ameandika neno moja la Kifaransa: termitière. Kichuguu.

Hapo nikakumbuka kila kitu. Wachimbaji walikuta kichuguu kigumu, wakakiacha, wakachimba mbele yake, na karani mwaminifu akakipa kichuguu namba yake. Nami, kijana wa mwandiko, nilipofika mstari ule nilisema haiwezekani, kitabu cha serikali hakiwezi kuweka kichuguu katikati ya masajini. Nikauruka. Ili pasibaki pengo baya, nikampandisha wa kumi na nane kuwa wa kumi na saba, na wote waliomfuata nikawasogeza nafasi moja hadi mwisho wa safu. Miaka ikapita, watu wa mtaani wakakibomoa kichuguu wapate udongo wa matofali, na ushahidi ukaenda kujenga nyumba. Ramazani Sefu alikuwa wa ishirini na nne kweli. Koplo Ferdinand alikuwa wa ishirini na tano. Mama Agata alikuwa amemsugua na kumwimbia baba yake Mama Zaituni kwa zaidi ya miaka ishirini.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu nistaafu. Sitawadanganya: nilifikiri kujitia hamnazo. Ningeweza kumwonyesha Mama Zaituni mawe ya ishirini na tatu, aombe dua yake juu ya mgeni, nami niende nyumbani na sherehe yangu ya chupa mbili. Lakini Papa Sefu angekuja na kadi ya jeshi kuulizia ishirini na nne, naye angekuta msalaba. Mficha maradhi, kifo humfichua. Na zaidi ya hayo, nilimwona bado Mama Zaituni akiuliza kama neno kutoroka haliko. Nikapiga moyo konde, nikaenda Tshopo kwa Mama Agata.

Nilimkuta uani anatwanga ndizi za lituma. Nilimweleza kosa langu lote nimesimama, maana niliogopa kukaa. Mchi ukasimama hewani.

"Kwa hiyo ile kaburi si ya koko Ferdinand."

"Hapana, Mama. Ni ya Mwislamu moja, Ramazani."

Aliweka mchi chini. Nilisubiri matusi, na nilistahili. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika, nikaona anacheka.

"Ndiyo maana imelala upande! Miaka yote tunasemaka mwenye kuchimba alikunywa!"

Alisema kweli. Waislamu wa kambini walimchimbia Ramazani kufuata kibla, kwa hiyo kaburi lake limekaa mshazari katika safu iliyonyooka, na familia hii ya Yahuma ilifuata mshazari ule kwa saruji bila kujua. Nami niliyefundishwa na Papa Bosenge kutambua kaburi la Mwislamu kwa mkao wake, nilipita hapo kila mwaka nikaamini kitabu changu.

"Na koko yangu iko wapi?" akauliza, sasa bila kicheko.

"Iko pembeni yake. Hatua mbili."

"Na majani?"

"Mengi."

Akafikiri. "Maskini. Iko anasikia kila mwaka tunaimbia jirani."

Jumamosi iliyofuata niliwakutanisha. Mama Agata alikuja na wanawe watatu, nondo na mfuko wa saruji, tayari kuuhamisha msalaba. Mama Zaituni aliwaomba wangoje. Alikuwa amejiandaa kukuta kichaka, aliniambia baadaye, na amebeba panga dogo katika kikapu. Alilizunguka kaburi lile safi mara moja, akapitisha kiganja juu ya saruji.

"Ni ninyi mulimutunza baba yangu?"

"Hatukujua, Mama. Pardon," akasema Mama Agata.

"Muliosha na maji tu?"

"Na sabuni. Na maua."

Mama Zaituni akaitupa fimbo, akamshika Mama Agata mikono yote miwili, akalia kwa sauti. Alisema aliwahi kulia peke yake kwa sababu hakuna mtu duniani aliyemkumbuka baba yake, kumbe kulikuwa na nyumba nzima inayomchotea maji. Mama Agata naye akaanza kulia, na wale vijana watatu wakageuka kuangalia ukuta. Mimi nilifurahi mno, furaha ya mtu aliyekuja kuhukumiwa akaombwa kukaa mezani. Kisha bibi yule wa miaka makumi nane na kitu akachomoa panga lake, akaenda hatua mbili pembeni, akaanza kumfyekea Koplo Ferdinand. Hatukuweza kumzuia, na vijana wakauhamishia msalaba hukohuko.

Wiki ile nilirekebisha kitabu kwa wino mwekundu, nikaweka jina langu na sababu ya kosa bila kuipamba. Kiko wazi, someni. Waliobaki wa safu ile nao wamerudishiwa namba zao, kama siku moja atatokea wa kuwauliza.

Papa Sefu tulimpelekea nakala ya kadi na ya kitabu, mihuri inatazamana. Alizisoma mlangoni, miwani imeshuka puani. Alirudia mahali pa homa, akarudia mahali pa nyumba iliyofungwa, akakunja karatasi. Siku chache kabla ya mfungo nikapata mwaliko wa kisomo, nikaenda na Mama Agata, tukaketishwa barazani pamoja na jamaa. Mama Zaituni alikaa karibu na mkubwa wa ukoo kiasi cha kumgusa goti.

Kurani ilipokwisha, Papa Sefu alifungua karatasi yake. Alisoma wa zamani, tukaitikia. Alisoma jina la baba yake mwenyewe, yule aliyesema ndugu yake ametoroka. Hapo akafuta miwani kwa kanzu, akairudisha machoni.

"Ramazani Sefu," akasoma.

"Amin," tukaitikia.

"Sefu," akasema Mama Zaituni, "sikusikia muzuri."

Papa Sefu alimtazama. Akasoma tena, kwa sauti zaidi, nasi tukaitikia.

"Hii masikio yangu, vraiment," akasema Mama Zaituni, naye hajawahi hata siku moja kuniomba nirudie neno. "Tena moja."

Wanawake wakaanza kucheka chini ya mitandio. Papa Sefu naye akatabasamu, akainuka, akashika karatasi kwa mikono miwili, akaliita jina la baba yake mkubwa kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya mto, na amin ikatoka barazani, uani, mpaka jikoni.